Friður, ró, sátt au grið: kuchagua neno la amani katika Kiaislandi

Mtu anayefasiri kutoka Kiingereza kwenda Kiaislandi akikutana na neno "peace", kamusi itampa "friður", na mara nyingi hatakuwa amekosea. Shida ni kwamba Kiingereza kimelitwika neno hilo moja mizigo mingi: mkataba baina ya dola mbili, kutulia kwa moyo baada ya msiba, ukimya wa kijiji, na mapatano ya ndugu waliokuwa hawasalimiani. Kiaislandi hakikubali kuyafunika yote hayo kwa "friður", na msomaji wa Aislandi akilikuta neno hilo mahali pasipo pake atatambua mara moja kwamba anasoma tafsiri. Anayewaza kwa Kiswahili ana nafuu hapa, kwa sababu lugha yake nayo hutenganisha amani, utulivu, suluhu na mapatano. Hasara humpata pale anapoyarundika yote katika neno moja la Kiingereza kabla ya kuvuka kwenda upande wa pili. Ninashauri basi kila chaguo lianze na swali la Kiswahili: ni nini hasa kilichotulia, silaha, ugomvi, moyo au mahali?

Matamshi hayatamsumbua Mswahili. Herufi ð ni dh ya "dhahabu" na herufi þ ni th ya "thelathini", kwa hiyo "friður" husomeka karibu na "fridhur". Kuiandika kwa d ya kawaida ni kosa la tahajia, hata kama kibodi ya simu inashawishi hivyo.

Friður na ró

Tofauti ya kushika kwanza ni hii: "friður" ni hali iliyopo kati ya watu, ilhali "ró" ni hali ya mtu mwenyewe, ya mnyama au ya mahali. Friður huvunjwa na mwingine, awe adui wa nchi, jirani mwenye muziki wa juu au mtoto anayegonga mlango kila dakika. Ndiyo maana anayetaka kuachwa peke yake husema "láttu mig í friði", yaani niache, usinisumbue, wala hawezi kuweka "ró" katika sentensi hiyo. Ró haihitaji mtu wa pili. Bahari baada ya dhoruba inaweza kuwa na ró, farasi aliyefugwa vizuri ana ró, na mtu anayeambiwa apunguze hasira huambiwa awe "rólegur" kama ni mwanamume au "róleg" kama ni mwanamke.

Tofauti hiyo ilionekana waziwazi mwezi Januari 2009. Benki tatu kubwa za Aislandi zilikuwa zimeanguka Oktoba 2008, na wananchi wakawa wanakusanyika katika uwanja wa Austurvöllur, mbele ya jengo la Bunge jijini Reykjavík, wakipiga sufuria, vifuniko na makopo mpaka wabunge waliokuwa ndani wasisikilizane. Vuguvugu hilo liliitwa "búsáhaldabyltingin", mapinduzi ya vyombo vya jikoni, na serikali ya Geir H. Haarde haikuumaliza mwezi huo. Ró haikuwapo hata chembe, kwa kuwa kelele ndizo zilizokuwa nguvu ya waandamanaji. Hata hivyo, ukiacha nyakati za vurugu na mabomu ya machozi, sehemu kubwa ya maandamano hayo huelezwa kuwa "friðsamleg mótmæli", maandamano ya amani. Anayedhani kwamba amani na ukimya ni kitu kimoja angekosea hapo kwa pande zote mbili.

Kwa utulivu wa moyo, ambao Kiingereza huuita "peace of mind", chaguo la kawaida ni "hugarró", yaani ró ya fikra, au "sálarró", ró ya nafsi. "Innri friður", amani ya ndani, nayo hutumika, hasa katika maandishi ya dini na ya kutafakari, na si makosa. Ila kwa tangazo la bima au barua ya daktari ningechukua "hugarró" bila kusita, kwa sababu ile nyingine ina harufu ya mahubiri.

Kifungu cha Kiingereza "peace and quiet" kinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu Kiaislandi kina vifungu vitatu vinavyokaribiana. "Friður og ró" ni cha jumla na hakimkosei mtu. "Kyrrð og ró" huelekea mahali, kwa maana "kyrrð" ni ukimya wa mandhari, ukimya wa bonde lisilo na gari; waandishi wa matangazo ya nyumba za mapumziko hulipenda sana neno hilo, pengine kupita kiasi. "Ró og næði" ni jambo tofauti kabisa, kwa kuwa "næði" ni nafasi ya kufanya shughuli yako bila kukatizwa: kusoma, kunywa kahawa, kuandika barua ngumu. Mwandishi wa Kiingereza akisema mhusika wake anatafuta amani na utulivu ili amalize kitabu, "ró og næði" ndicho anachotafuta. Na ikiwa ni kazi inayosumbuliwa na watu wengine, neno hurudi tena kwenye familia ya friður: "vinnufriður" ni amani ya kufanyia kazi, na "svefnfriður" ni amani ya kulala. Anayeibomoa ni yule anayepita koridoni akizungumza kwa sauti.

Sifa moja ya Kiingereza, "peaceful", nayo hupasuka vipande vitatu, na hapa ndipo wanafunzi huchanganya zaidi. "Friðsamur" ni mtu au taifa lisilopenda ugomvi. "Friðsæll" ni mahali au maisha yenye neema ya utulivu. Kijiji cha wavuvi kinaweza kuwa "friðsæll", lakini mzee mpole wa kijiji hicho ni "friðsamur". "Friðsamlegur" ni jambo linalofanyika bila nguvu, kama maandamano, makabidhiano ya madaraka au utatuzi wa mgogoro. Ukiweka "friðsæll" kwenye maandamano, msomaji atapata picha ya watu waliolala kwenye nyasi.

Silaha zikinyamaza

Katika habari za vita Kiingereza hutumia maneno matatu yanayopishana kidogo: "ceasefire", "truce" na "armistice". Kiaislandi cha leo huyaweka karibu yote chini ya neno moja, "vopnahlé". Limeundwa kwa "vopn", silaha, na "hlé", mapumziko. Neno "hlé" ndilo linaloandikwa kwenye skrini ya sinema za Aislandi filamu inapokatwa katikati ili watu wakanunue vinywaji, na uhusiano huo unamkumbusha msikilizaji kwamba sehemu ya pili bado inakuja. Kwa hiyo anayefasiri kutoka Kiingereza hapotezi usingizi kuchagua kati ya maneno matatu. Anachopaswa kulinda ni mpaka kati ya "vopnahlé" na "friðarsamningur", mkataba wa amani, kwa sababu mpaka huo una uzito wa kisheria.

Mifano miwili inauonyesha mpaka huo kutoka pande zinazopingana. Vita vya Korea vilisimama tarehe 27 Julai 1953 kwa makubaliano ya kusitisha mapigano, na mkataba wa amani haukufuata. Kwa Kiaislandi kilichopo kule ni "vopnahlé", na kuandika "friðarsamningur" ni kupotosha historia. Burundi mambo yalikwenda kinyume. Mkataba wa Amani na Maridhiano wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, baada ya usuluhishi ulioanzishwa na Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela, lakini makundi makuu ya waasi hayakuwamo na bunduki ziliendelea kulia. CNDD-FDD ilikubali kusitisha mapigano Desemba 2002, na Palipehutu-FNL ikatia saini yake Dar es Salaam Septemba 2006. Kulikuwa basi na "friðarsamningur" kwanza na "vopnahlé" miaka kadhaa baadaye, na mfasiri anayeyachukulia maneno hayo kama visawe atashindwa kabisa kuieleza Burundi ya miaka hiyo.

Pembeni ya hayo lipo "grið", neno la kale ambalo bado linaishi, na binafsi ndilo ninaloliona tamu kuliko yote katika orodha hii. Ni nomino ya wingi, na maana yake ni usalama unaopewa mtu ambaye vinginevyo ungekuwa na haki au uwezo wa kumdhuru. Katika Aislandi ya zamani, ambayo haikuwa na mfalme wala polisi, watu wenye kisasi kati yao hawakuweza kukutana barazani bila kwanza kutangaziana grið kwa muda wa mkutano. Mapatano yakishafikiwa, yalifuata "tryggðir", ahadi za kudumu. Sheria za kale zijulikanazo kama Grágás, zilizohifadhiwa katika hati za karne ya 13, zina maneno kamili ya kutamkwa wakati huo, na laana iliyomo inatisha: atakayevunja ahadi atafukuzwa kama mbwamwitu, popote ambapo Wakristo huenda kanisani, moto huwaka, ardhi huotesha, mtoto humwita mama yake, meli huteleza, jua hung'aa, theluji huanguka na mwewe huruka siku ndefu ya masika huku upepo mwema ukiwa chini ya mbawa zote mbili. Orodha inapanuka makusudi mpaka mvunja ahadi asibakiwe na pa kukanyaga. Mtu wa namna hiyo aliitwa "griðníðingur".

Leo "grið" hutumika pale ambapo Kiingereza husema mtu ameomba kusamehewa maisha, na "engin grið" ni kutomhurumia yeyote, iwe vitani au, kwa utani, katika mechi ya mpira. "Griðastaður" ni mahali pa kukimbilia, na "griðasáttmáli" ni mkataba wa kutoshambuliana, kama ule wa Ujerumani na Umoja wa Kisovyeti wa Agosti 1939. Kwa Kiingereza "sanctuary", ikiwa ni ya mtu anayekimbia hatari, "griðastaður" hushinda "friðland", ambalo tutaona linakwenda kwingine.

Kiingereza chenyewe kiliwahi kuwa na jozi hii. Waingereza wa kale walisema "frith", na Waskandinavia walipohamia kwao wakawaachia "grith". Baada ya Wanormandi kuitwaa nchi mwaka 1066, neno lililotoka Kifaransa lilikuja likayasukuma yote mawili nje. Aislandi haikupata utawala wa lugha ya Kifaransa, kwa hiyo friður na grið vimebaki hadi leo, kila kimoja na kazi yake.

Sátt

Pale ambapo Kiswahili kingesema suluhu, mapatano au maridhiano, chaguo ni "sátt", au wingi wake "sættir". Hili ni neno la wahusika wenye jina na uso, ambao walikuwa na jambo kati yao na wamelimaliza. Nchi zinazopigana "semja frið", yaani huafikiana amani. Ndugu wawili waliogombania shamba "sættast", hupatana. Ukisema ndugu hao "sömdu frið", inawezekana, lakini inakuwa kama mzaha unaowageuza kuwa majeshi.

Vyama vya wafanyakazi na waajiri wa Aislandi wanapokwama kuhusu mkataba wa hali bora, mgogoro huenda kwa "ríkissáttasemjari", msuluhishi wa serikali, ambaye cheo chake kimebeba neno hili katikati. Kuna desturi inayojulikana nchi nzima kwamba saini zikishawekwa, ofisini kwake huokwa "vöfflur", maandazi bapa yenye miraba yanayopikwa kwenye chuma na kuliwa kwa jamu na krimu. Waandishi wa habari wanaokesha mlangoni huanza kuchapa taarifa wakisikia harufu hiyo. Mkataba ukishaanza kufanya kazi, pande zote hufungwa na "friðarskylda", wajibu wa amani, maana yake hakuna mgomo kwa mambo yaliyokwisha kukubaliwa. Hapo utaona mgawanyo ulivyo safi: kitendo cha kupatana ni sátt, na hali inayofuata ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa kuichokoza ni friður.

Sifa "sáttur", au "sátt" kwa mwanamke, ndiyo inayofaa kwa kifungu cha Kiingereza "at peace with". Mwanariadha aliyeshindwa kwa heshima husema "ég er sáttur", nimeridhika. Kwa mgonjwa aliyeikubali hali yake, kuna chaguo mbili zinazotofautiana kwa kipimo cha uchungu: "sættast við" ni kufikia mapatano na jambo hilo moyoni, na "sætta sig við" ni kulivumilia kwa sababu hakuna njia nyingine. Mwandishi wa Kiingereza hakuonyesha tofauti hiyo, kwa hiyo mfasiri atalazimika kuisoma sura nzima kabla ya kuamua.

Mstari mmoja wa Injili ya Mathayo, 5:9, unaonyesha lugha zote tatu zikifanya uamuzi wake. Kiingereza kinawabariki wanaotengeneza amani. Kiaislandi kinasema "sælir eru friðflytjendur", heri wanaoipeleka amani, kana kwamba ni mzigo unaosafirishwa hadi kwa mwenyewe. Biblia ya Kiswahili inasema "heri wapatanishi", na kwa kufanya hivyo inasimama karibu zaidi na sátt kuliko na friður. Ikiwa unafasiri hotuba ya kisiasa inayoukopa mstari huo, usiunde neno jipya: "friðflytjendur" linafahamika, na msikilizaji atatambua limetoka wapi.

Friður ambao Kiingereza hakiuoni

Yapo maneno ambayo mtu hatayapata kamwe akianzia upande wa Kiingereza, kwa sababu Kiingereza hakihusishi mambo hayo na amani. Kitenzi "friða" humaanisha kuhifadhi kwa sheria: ndege asiyewindwa ni "friðaður", na jengo la kale lisiloruhusiwa kubomolewa ni "friðað". Bonde la Þingvellir, ambako Alþingi, bunge la Aislandi, lilikutana tangu mwaka 930 hivi, lilitungiwa sheria ya hifadhi mwaka 1928, na sheria hiyo ikalitangaza kuwa mahali patakatifu pa Waaislandi wote, "friðlýstur helgistaður". "Friðland" ni hifadhi ya asili, kama Hornstrandir kule kaskazini-magharibi, iliyotangazwa mwaka 1975, ambako mbweha wa aktiki hawawindwi. Hifadhi ya taifa ni neno jingine, "þjóðgarður". Mfasiri asiyejua haya akikuta "friðland" kwenye ramani anaweza kuandika nchi ya amani, na msafiri atajiuliza vita vilikuwa wapi.

Zito kuliko hayo ni "friðhelgi", ambalo ndani yake friður imeungana na utakatifu. Katiba ya Aislandi, ibara ya 71, inampa kila mtu friðhelgi ya maisha yake binafsi, nyumba na familia. Kiingereza hapo husema "privacy", na Kiswahili husema faragha. Kwa makala ya sheria au sera ya faragha ya programu ya simu, "friðhelgi einkalífs" ndilo la kisheria. Kwa mtu anayetaka tu chumba cha kubadilishia nguo, rudi kwenye "næði".

Fungamano la friður na sheria ni la zamani. Mwaka 1000 hivi, Wakristo na wapagani walipokaribia kupigana Þingvellir, mtamka-sheria Þorgeir alijilaza chini ya joho mchana na usiku, kisha akaamka na kuwaambia kwamba wakiikata sheria vipande viwili wataikata na amani pia. Neno lililoandikwa katika simulizi ya mwanahistoria wa kale Ari Þorgilsson ni "friðinn". Ró isingeweza kukaa mahali hapo, wala sátt.

Maneno yanayounganishwa

Yanayobaki ni ya magazetini na ofisini, nayo yana nidhamu yake. Friður huwa "frið", "friði" au "friðar" kulingana na kazi yake katika sentensi, na maneno mengi ya kisasa ya siasa hujengwa juu ya umbo la mwisho: "friðarviðræður" ni mazungumzo ya amani, "friðarverðlaun" ni tuzo ya amani, "friðarsinni" ni mpinga vita, "friðargæsla" ni ulinzi wa amani wa aina ya ule wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo. Sifa zile tatu na maneno ya hifadhi hujengwa juu ya "frið-" tupu. Ukiona shaka unapounda neno jipya la siasa, "friðar-" ni salama zaidi. Usiruhusu usalama uingie hapa, ingawa Kiswahili huviweka karibu amani na usalama: usalama ni "öryggi", na Baraza la Usalama ni "öryggisráð".

Mnara wa mwanga wa msanii Yoko Ono katika kisiwa cha Viðey, karibu na Reykjavík, uliozinduliwa tarehe 9 Oktoba 2007 na unaowashwa kila mwaka kuanzia tarehe hiyo hadi 8 Desemba, kwa Kiaislandi ni "Friðarsúlan", nguzo ya amani tu. Wito wa kufikiria amani, ambao jina la Kiingereza, "Imagine Peace Tower", limeubeba, haumo katika jina hilo, ila umechongwa kwenye jiwe la chini: "hugsa sér frið". Kwa kitabu cha watalii, jina la Kiaislandi litumike peke yake na maelezo yafuate.

Jozi ya mwisho inawasumbua wahariri kila vita vinapokaribia kwisha. Vichwa vya habari vya Kiingereza hutumia "peace deal" kwa chochote, kuanzia kupeana mikono hadi hati ya kurasa mia. Kiaislandi kina "friðarsamkomulag", makubaliano ya amani, na "friðarsamningur", mkataba wenye saini na vifungu. Maadamu kalamu hazijagusa karatasi, la kwanza ndilo la kuandika, na hata hilo liandikwe pale tu pande zote zinapokiri kwamba zimekubaliana.